Watemi waliondoka kwa sheria, Sultani kwa panga: Nani alipata alichoahidiwa?

Na Mwandishi Wetu

NENO Ikulu, ambalo Watanzania hulitumia kila siku kuyataja makazi na ofisi ya Rais, halikuzaliwa Magogoni wala Chamwino. Limetoka katika lugha za Kinyamwezi na Kisukuma, ambako lilikuwa na maana ya makazi ya mtemi. Jamhuri iliyofuta utemi mwaka 1963 haikuona haya kuendelea kulitumia jina la nyumba yake.

Kila Januari 12 inapofika, macho ya taifa huelekea Unguja, yalikofanyika Mapinduzi ya mwaka 1964 yaliyomwondoa Sultani Jamshid bin Abdullah. Huzungumzwa malengo ya mapinduzi hayo, matunda yake na majeraha yake. Ni mara chache mjadala huo hufika Tabora, ingawa mji huo ulikuwa kitovu cha njia ya misafara iliyoutajirisha usultani wa Zanzibar, na ingawa hapo hapo utawala mwingine wa kurithi ulifikia mwisho wake bila tone la damu.

Ukiifuata njia hiyo ya kale kutoka pwani kwenda bara, utakutana na falme zilizoanguka kwa namna tatu tofauti katika kipindi kisichozidi miaka minne. Mwanzoni mwa njia, Zanzibar, mfalme aliondolewa na umma wenye silaha. Katikati, Unyanyembe, mtemi aliondolewa na Bunge. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, nchini Burundi, mfalme aliondolewa na wanajeshi mwaka 1966. Kote watu waliambiwa kwamba enzi ya kutawaliwa kwa sababu ya ukoo imekwisha. Kilichofuata hakikufanana.

Mji wa njia panda

Kutoka Bagamoyo hadi Tabora ni takriban kilomita 800, na katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walizitembea kwa miguu wakiwa na pembe za ndovu mabegani. Burton na Speke walipofika Kazeh, karibu na ilipo Tabora ya leo, mwishoni mwa mwaka 1857, waliwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu wamekwisha kujenga na kulima. Kutoka hapo misafara iliendelea magharibi hadi Ujiji, na mingine ikapanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda.

Sultani wa Zanzibar hakuitawala Tabora kwa maana kamili ya neno hilo. Alikuwa na liwali wake pale, na raia wake walikuwa na bunduki, mikopo na bidhaa. Lakini ardhi ilikuwa ya mtemi wa Unyanyembe, na wageni walilazimika kuelewana naye. Baba yake Tippu Tip, kwa mfano, alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira.

Maelewano hayo yalikuwa na mipaka. Mtemi Mnywa Sele alipotaka kuwatoza ushuru wafanyabiashara, wao walishirikiana na wapinzani wake kumng'oa, akawekwa Mkasiwa. Mnywa Sele alipigana porini kwa miaka kadhaa hadi alipokamatwa na kuuawa mwaka 1865. Mwaka 1871 Mirambo wa Urambo naye aliifunga njia kwa vita, na biashara ya Zanzibar ikatikisika. Wajerumani walipokuja, Mtemi Isike aliwapinga. Januari 1893, ngome yake ilipozidiwa, alijilipua katika ghala la baruti kuliko kutekwa.

Historia hii ni muhimu kwa yeyote anayetaka kuelewa kwa nini utemi ulikufa kimya kimya mwaka 1963. Kwa mila za Wanyamwezi, mtemi alipatikana kwa shauri la wazee, na alikuwa na wajibu juu ya mvua, mavuno na amani. Lakini kwa karne nzima kabla ya uhuru, kiti cha Unyanyembe kilikuwa kikikaliwa na yule aliyekubalika kwa wenye nguvu kutoka nje, kwanza wafanyabiashara, kisha Wajerumani, na hatimaye Waingereza.

Mtemi anageuzwa mtumishi

Gavana Donald Cameron alipoleta utawala usio wa moja kwa moja katika miaka ya 1920, machifu walipewa mahakama, hazina za wenyeji na mishahara. Katika nyaraka za wakoloni wa mwanzo waliitwa masultani, kama vile Unyanyembe ilikuwa Unguja ndogo. Kwa nje walionekana wamerudishiwa heshima. Kwa ndani kilichobadilika ni mwelekeo wa uwajibikaji: chifu aliyekusanya kodi ya kichwa, aliyeshurutisha watu kufanya kazi za lazima na kuwaadhibu waliokaidi amri za kilimo, alikuwa akijibu kwa Mkuu wa Wilaya Mwingereza, si kwa wazee waliomtawaza.

Waingereza walijenga pia shule ya serikali Tabora, iliyofunguliwa mwaka 1925 kwa ajili ya watoto wa machifu. Nia ilikuwa kuandaa watawala wa kurithi walioelimika. Shule hiyo ikamtoa Julius Nyerere, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, na Rashidi Kawawa. Ikamtoa pia Abdallah Said Fundikira, aliyekuja kuwa mtemi wa Unyanyembe. Wanafunzi wa shule iliyojengwa kuimarisha uchifu ndio waliokaa katika serikali iliyoufuta.

Ni Tabora hiyo hiyo ambako TANU ilifanya mkutano wake mkuu wa Januari 1958. Suala lilikuwa moja: chama kiingie au kisusie uchaguzi wa kura tatu, ambao ulimlazimisha kila mpiga kura kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, tena kwa masharti ya elimu, kipato au wadhifa yaliyowaacha nje Waafrika walio wengi? Wengi walitaka kususia. Nyerere aliwashawishi wajumbe waingie, na Zuberi Mtemvu akajitoa na kuunda chama chake cha ANC. Uamuzi huo uliitwa wa busara kwa sababu ulizaa matunda: wagombea waliosimama na TANU, wakiwamo Wazungu na Waasia, walishinda karibu kila mahali.

Hapa ndipo njia za Tabora na Unguja zinapoachana.

Kura zilizoshindwa kusema

Zanzibar nako wananchi waliamini sanduku la kura. Katika uchaguzi wa Julai 1963, Afro-Shirazi Party ilipata takriban asilimia 54 ya kura zote, lakini ikaambulia viti 13 kati ya 31. Muungano wa ZNP na ZPPP, chini ya Waziri Mkuu Mohamed Shamte, ulichukua viti 18 na kuunda serikali. Uhuru ulitolewa Desemba 10, 1963, Sultani akiwa mkuu wa nchi. Mwezi mmoja na siku mbili baadaye, serikali hiyo haikuwapo.

Ni kweli kwamba kulikuwa na mengi nyuma ya usiku ule zaidi ya hesabu za viti. Mashamba makubwa ya mikarafuu yalikuwa mikononi mwa wachache. Wengi wa waliofanya kazi mashambani na bandarini walikuwa na asili ya bara, wakiwamo Wanyamwezi waliofuata njia ya misafara hadi ng'ambo ya bahari, baadhi wakiwa vizazi vya watumwa na wengine wakiwa vibarua wa enzi ya Waingereza. Tofauti ya mali ilikaribiana sana na tofauti ya asili, na vyama vikazichochea zote mbili. Lakini aliyepewa kura nyingi na kunyimwa serikali alikuwa na sababu ya kuona kwamba mlango wa amani umefungwa.

Mapinduzi yaliahidi mambo matatu: ardhi, elimu na heshima ya kujitawala. Katika mawili ya kwanza, serikali ya Abeid Amani Karume ilichukua hatua haraka. Ardhi ilitaifishwa Machi 1964, na katika miaka iliyofuata zaidi ya familia 20,000 ziligawiwa ekari tatu tatu. Septemba mwaka huo elimu ilitangazwa kuwa bure, na matibabu yakafuata mkondo huo huo. Majengo ya Michenzani yalijengwa ili watu wa Ng'ambo nao waishi katika nyumba za kudumu. Mjukuu wa mkwezi wa karafuu aliyefika sekondari bila ada anajua hilo si maneno ya jukwaani.

Gharama nayo haifichiki. Katika siku za mapinduzi watu waliuawa kwa sababu ya asili yao, na wanahistoria wengi huhesabu maelfu. Wengine walikimbilia Oman, Mombasa, Dar es Salaam na Uingereza wakiacha nyumba na makaburi ya wazazi wao. John Okello, aliyejiita Field Marshal wa mapinduzi, alifukuzwa visiwani baada ya wiki chache. Abdulla Kassim Hanga na Othman Shariff, miongoni mwa viongozi wa kwanza wa serikali mpya, walirudishwa Unguja mwaka 1969 wakauawa. Karume mwenyewe aliuawa kwa risasi Aprili 7, 1972.

Ahadi ya tatu ndiyo iliyochelewa kuliko zote. Watu walioasi kwa sababu kura zao hazikuhesabika walikaa miaka 16 bila kuchagua chombo cha kutunga sheria. Katiba ya kwanza baada ya mapinduzi ilikuja mwaka 1979, na Baraza la Wawakilishi likaanza mwaka 1980. Ushindani wa vyama uliporudi mwaka 1995, ugomvi wa matokeo ulirudi nao, hadi Januari 2001 damu ikamwagika Pemba na watu wakavuka bahari kwenda Shimoni, Kenya. Maridhiano ya mwaka 2009 na kura ya maoni ya Julai 2010, iliyoruhusu Serikali ya Umoja wa Kitaifa, vilikuwa majaribio ya kulijibu swali lililoachwa wazi tangu 1963: anayeshindwa kwa kura chache anabaki na nafasi gani katika nchi yake?

Kwa nini Tabora haikuwaka

Wakati Unguja inapinduliwa, utemi wa Unyanyembe ulikuwa umekwisha kufutwa. Hakuna aliyechoma tembe, na hakuna mtemi aliyekimbilia ng'ambo. Zipo sababu zinazoeleweka.

Kwanza, hapakuwa na kiti kimoja cha kuangusha. Tanganyika ilikuwa na tawala ndogo ndogo nyingi, na Unyamwezi peke yake iligawanyika katika utemi kadhaa. Pili, mtemi wa Unyanyembe hakuwa na mashamba ya kuwapangisha raia wake kama ilivyokuwa kwa nyarubanja ya Bukoba, ambayo ililazimu sheria yake yenyewe mwaka 1965. Kwa hiyo kufutwa kwa utemi hakukugusa jembe la mtu. Tatu, mahali pengine wananchi walikuwa wameshaonja uwezo wa kura: huko Kilimanjaro Wachagga walimwondoa Mangi Mkuu Thomas Marealle kwa kura ya mwaka 1960.

Sababu ya nne ni Fundikira mwenyewe. Hakusubiri kuondolewa, aliingia katika harakati, akachaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria, na uhuru ulipopatikana alikuwa waziri. Mtemi aliyekuwa ndani ya serikali ya wananchi hakuwa na sababu ya kuipiga vita, na watu wake hawakuwa na sababu ya kumpiga vita yeye.

Hata hivyo, utulivu huo usichukuliwe kuwa ni ushindi wa umma. Swali ni nani alikalia kiti kilichoachwa wazi.

Mwaka 1962 nafasi ya Mkuu wa Wilaya wa kikoloni ilichukuliwa na mteule wa serikali mpya, ambaye papo hapo alikuwa katibu wa TANU wa wilaya. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Januari 1964, siku tisa tu baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, askari wa kikosi cha Tabora walifuata wenzao wa Dar es Salaam katika maasi. Maasi yalipozimwa kwa msaada wa Waingereza, viongozi wa vyama vya wafanyakazi walikamatwa na shirikisho lao likavunjwa, likaundwa moja chini ya serikali. Mwaka 1965 nchi ikawa ya chama kimoja kwa mujibu wa katiba.

Kisha ukafika mwaka 1972, na halmashauri za wilaya zilizochukua nafasi ya mabaraza ya machifu zikafutwa nazo. Utaratibu huo uliitwa madaraka mikoani, lakini madaraka yenyewe yalikwenda kwa watumishi walioteuliwa. Mwanakijiji wa Sikonge au Nzega aliyeambiwa mwaka 1963 kwamba sasa atajitawala kupitia diwani wake, miaka tisa baadaye hakuwa na mtemi wala diwani. Operesheni Vijiji ilipomhamisha, hakuwa na chombo cha karibu alichokichagua cha kumsemea. Halmashauri za vijijini zilirudi kwa sheria za mwaka 1982, baada ya serikali kukiri kwa vitendo kwamba kuzifuta kulikuwa kosa.

Safari ya Fundikira inaieleza hali hiyo kwa ufupi. Alitoka serikalini mwaka 1963. Mwaka 1991 alikuwa mwenyekiti wa kamati ya kudai mageuzi ya katiba, na baadaye akaanzisha chama cha UMD. Mtu aliyezaliwa katika ukoo wa kutawala alikuwa akidai uchaguzi wa vyama vingi kutoka kwa chama kilichokuwa kimefuta utawala wa ukoo. Baadaye alirejea CCM, na alifariki dunia Agosti 2007.

Funzo kutoka ng'ambo ya ziwa

Asiyeridhika na ulinganisho wa Unguja na Tabora anaweza kwenda Ulyankulu, ambayo sasa imo katika Wilaya ya Kaliua. Makazi hayo yalianzishwa mwaka 1972 kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi.

Novemba 1966, Kapteni Michel Micombero alimwondoa Mwami Ntare V na kutangaza jamhuri. Taji liliondoka, lakini hapakuwa na kura, na jeshi lenye watu wa upande mmoja ndilo lililobaki na dola. Mwaka 1972, baada ya uasi kusini mwa nchi, jeshi hilo liliua Wahutu kwa idadi ambayo makadirio mengi yanaiweka juu ya 100,000. Ntare mwenyewe aliuawa mwaka huo. Waliookoka walivuka mpaka wakaelekea mashariki, katika nchi ambazo misafara ya Ujiji ilizipita zamani. Watoto na wajukuu wao walilima tumbaku Ulyankulu kwa miongo kadhaa kabla Tanzania haijawapa uraia wakimbizi wa mwaka 1972 zaidi ya 162,000, waliokabidhiwa vyeti kuanzia mwaka 2014.

Hakuna anayeweza kusema kwamba Burundi ingekuwa salama kama ingebaki na mfalme. Kinachoonekana ni kwamba kumwondoa mfalme hakukuwaondolea raia hofu, kwa sababu nguvu zake hazikurudi kwao. Zilihamia kambini.

Heshima inarudi, madaraka je?

Mjadala huu si wa makumbusho. Septemba 2021, machifu waliokutana Kisesa, wilayani Magu, walimtawaza Rais Samia Suluhu Hassan kuwa Chifu Hangaya. Tangu hapo viongozi wa mila wameonekana zaidi katika shughuli za serikali. Wapo wanaofurahia, kwa hoja kwamba mtemi anajua misitu, vyanzo vya maji na migogoro ya koo kuliko mtumishi aliyehamishiwa wilayani jana. Wapo wanaotia shaka, kwa hoja kwamba chifu anayepokea heshima kutoka juu atajibu kwa walio juu, kama ilivyokuwa enzi za Cameron.

Historia ya Tabora inaipa uzito shaka ya pili bila kuidharau furaha ya kwanza. Utemi haukuvunjika kwa sababu mila zilikuwa mbaya zote. Ulivunjika pale mtemi alipoacha kuwajibika kwa waliomtawaza. Kipimo hicho hicho kinamhusu Mkuu wa Wilaya wa leo, ambaye hapigiwi kura na mtu yeyote wilayani lakini, kwa sheria ya tawala za mikoa ya mwaka 1997, anaweza kuamuru mtu awekwe ndani kwa saa 48. Kinahusu pia Rais, ambaye kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ndiye mdhamini wa ardhi yote, dhamana ambayo zamani mtemi aliishika kwa niaba ya watu wake.

Mapinduzi ya Zanzibar yalionyesha kinachotokea kura ikinyimwa maana. Kufutwa kwa utemi Tabora kulionyesha kwamba mabadiliko makubwa yanawezekana bila panga, lakini pia kwamba madaraka yanaweza kutoka katika tembe la mtemi na kuingia bomani pasipo kupita mikononi mwa mwananchi.

Kipo chombo kimoja ambamo ahadi ya mwaka 1963 bado inaishi kisheria: mkutano mkuu wa kijiji, ambao wajumbe wake ni kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Hapo ndipo mapato na matumizi ya kijiji yanapopaswa kusomwa hadharani. Katika vijiji ambavyo mkutano huo huitishwa kwa wakati na mwenyekiti huulizwa maswali hadi akayajibu, enzi ya kutawaliwa imekwisha kweli. Katika vijiji ambavyo mwaka unapita bila kengele kugongwa, wananchi wana haki ya kuuliza ni nini hasa kilichofutwa.